Tunaitangaza WordPress, lakini maelezo ya Kiswahili ya kumpa mtu yako wapi?

fundi_ziwani (Mwanza)

Wakuu habari za jioni. Huku Mwanza tuna kikundi cha vijana wa kutengeneza tovuti, wengi wamejifundisha wenyewe tu, tunakutana kila mwezi kuonyeshana kazi. Mwaka huu tumekubaliana tuisukume WordPress, ile programu ya kutengenezea na kuendeshea tovuti, ifike kwa watu wa kawaida, mashule, vikoba, makanisa na misikiti, wafanyabiashara wadogo wa Makoroboi na Igoma, kwa sababu ni programu huria, leseni hailipiwi, na kazi ya mtu inabaki mali yake hata akigombana na fundi wake.

Sasa shida iko hapa. Ukishamshawishi mtu akakubali, swali lake la kwanza ni "nisome wapi nijue kuitumia?" na hapo tunabaki tunaangaliana. Tumeshachapisha flaya, tuna tisheti, ila maelezo ya Kiswahili yaliyokaa sawa hatuna ya kumpa. Kwenye kikundi wapo wanaosema tupige video za TikTok, wapo wanaosema tutafsiri dashibodi nzima kwanza (ule upande wa ndani anaoingia mwenye tovuti), mimi naona tuandike mwongozo, ila sijui tuanzie wapi na sijui tuuweke wapi ili usipotee siku mmoja wetu akiacha kulipia hostingi, yaani seva tovuti inapokaa. Waliowahi kufanya kitu kama hiki mlianzaje? Nasubiri kwa hamu jamani.

kalamu_na_kodi (Dar)

Mkuu swali zuri sana, na mimi nipo upande wako, andikeni. Ila msianze na "WordPress ni nini". Hiyo kila mtu anaiandika na hakuna anayeisoma. Fungua hilo grupu lenu la WhatsApp, rudi nyuma miezi kadhaa, nakili maswali yote watu waliyouliza, utakuta yanajirudia yale yale: nimesahau nywila na imeili niliyojisajilia siitumii tena, picha za simu zinagoma kupanda kwa sababu ni nzito, nimeapdeti plagini (programu ndogo ya kuiongezea WordPress uwezo) tovuti yote ikawa nyeupe, nimehama hosti linki zote zinaleta 404, ukurasa haupatikani, barua pepe za fomu ya mawasiliano hazifiki. Hayo ndiyo mwongozo wenu tayari. Swali moja ukurasa mmoja, na kichwa cha ukurasa kiwe maneno yale yale mtu aliyoyatumia kuuliza maana ndivyo atakavyogoogle na mwenzake.

Halafu juu ya kila ukurasa andika toleo la WordPress na tarehe uliyojaribu. Hili nalisisitiza kwa sababu toleo la 5.0 la Desemba 2018 lilileta editor ya mabloku (sehemu ya kuandikia kurasa vipande vipande), ile Gutenberg, na mpaka leo ukitafuta mafunzo ya Kiswahili unakutana na video za editor ya zamani, mwanafunzi anatafuta kitufe ambacho kwake hakipo, anaona yeye ndiye mjinga, anaacha. Mwongozo usio na tarehe unaumiza kuliko kukosa mwongozo.

Kuhusu pa kuweka, msitegemee blogu ya mtu mmoja. Nyaraka za watumiaji zilizoko wordpress.org ziko chini ya leseni ya CC0, maana yake mnaweza kuzinakili, kuzitafsiri, kuzichapisha na kuzigawa bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Na timu ya nyaraka inapokea masahihisho kupitia GitHub, tovuti ya watu kufanyia kazi kodi na maandishi kwa pamoja, wana sehemu yao ya kuripoti ukurasa uliopitwa na wakati au usioeleweka, huhitaji kujua PHP, lugha ya kodi ya WordPress, hata kidogo. Mkiona kosa kwenye maelezo ya Kiingereza wakati mnatafsiri, lipelekeni kule, litamsaidia na mtu wa Brazil na wa India. Huo nao ni mchango na jina lako linabaki pale.

shiro_wa_wavuti (Nairobi)

Mimi nitapinga kidogo. Mwenye duka hasomi documentation, tuambiane ukweli. Anataka kuona M-Pesa ikiingia. Hapa kwetu kila klayenti akija swali ni moja, nitalipwaje, na hiyo ndiyo sehemu ambayo maelezo ya Kiswahili hayapo kabisa, hata ya Kiingereza yenyewe yameandikwa kama mnajua tayari. Unaweka WooCommerce, plagini ya duka, sawa, hiyo ni rahisi, halafu unaingia Daraja ya Safaricom, mfumo wao wa kuunganisha tovuti na M-Pesa, ufungue app, ujaribu kwenye sandbox kwanza, yaani sehemu ya majaribio, upate passkey, ule ufunguo wa siri, uweke ile URL ya majibu na lazima iwe ya HTTPS, na ukikosea kitu kimoja mteja anaweka PIN kwa simu, pesa inatoka, lakini oda kwa tovuti inabaki "haijalipwa". Fundi mchanga anakaa wiki nzima hapo akijaribu kubahatisha. Kama mtaandika kitu kimoja tu mwaka huu basi iwe hiyo, hatua kwa hatua, pamoja na kusoma log, ile rekodi ya matukio ya mfumo, ili mtu ajue kosa liko wapi.

Na kingine, mimi nikimaliza kazi huwa naachia mwenye tovuti karatasi mbili zilizochapishwa. Jinsi ya kuingia, kubadilisha bei, kuongeza picha, na nani wa kupigia. Kwa hiyo ninavyoona kuna miongozo aina mbili, ya fundi na ya mwenyewe, na msiichanganye. Ya mwenyewe iwe fupi na isiwe na neno lolote la kiufundi ambalo halioni kwenye skrini yake. Mama mmoja ninayemfanyia kazi sasa anabadilisha menyu ya hoteli yake mwenyewe kila asubuhi, na ameniletea wateja kuliko tangazo lolote nililowahi kulipia.

kalamu_na_kodi (Dar)

Dada Shiro hapo kwenye malipo nakubaliana nawe asilimia mia. Ila bado ni maandishi hayo unayoyasema, siyo TikTok. Video ya dakika kumi mtu akinunua bando anaiangalia mara moja, akikwama hatua ya saba lazima airudishe yote. Ukurasa wa maandishi unafunguka hata kwa mtandao wa kuvizia, na anakopi kile anachokihitaji. Video zina kazi yake, kumvuta mtu aone kwamba inawezekana, halafu chini yake weka linki ya maandishi.

ukhti_wa_darajani (Unguja)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi nimejitolea kutafsiri plagini na themu (miundo ya mwonekano wa tovuti) kwa muda, naomba niseme juu ya wale wa kikundi wanaotaka kutafsiri dashibodi, maana wasipojua utaratibu watavunjika moyo.

Kazi inafanyika translate.wordpress.org, chini ya timu inayoitwa Polyglots. Mtu yeyote mwenye akaunti ya wordpress.org anaweza kupendekeza tafsiri, lakini pendekezo linakaa foleni mpaka mhariri wa lugha alipitishe. Hapa ndipo vijana wanapokasirika, wanatafsiri mamia ya mistari usiku kucha halafu hakuna kinachoonekana. Anzeni na plagini moja ndogo mnayoitumia kila siku, itafsirini vizuri, kisha ombeni mmoja wenu awe mhariri wa plagini hiyo peke yake, ombi linaandikwa kwenye ukurasa wa Polyglots. Plagini ikifika asilimia 90 na ikapitishwa, mfumo unajitengenezea fungu la lugha na kila anayetumia WordPress ya Kiswahili analipata kwenye apdeti, hapakui kitu. Hiyo raha yake siwezi kuielezea, kuona kazi yako inafunguka kwenye tovuti ya mtu usiyemjua.

Tahadhari sasa. Kiswahili chetu kina ngeli na waandishi wengi wa plagini hawalijui hilo. Unakuta mstari umeandikwa %s halafu "deleted", maana yake jina lolote litaingizwa pale mbele. Utaandika nini? Ukurasa umefutwa, picha imefutwa, maoni yamefutwa, kitengo kimefutwa, kila moja na kiambishi chake. Msilazimishe "imefutwa" kwa kila kitu, inasikika kama mtu anayejifunza lugha. Mimi huwa naigeuza sentensi, "Umefuta: %s", ngeli inatoka njiani kabisa. Na ikishindikana namwandikia mwenye plagini nimwombe atenganishe ile sentensi iwe mbili tatu, na aache maelezo kwa watafsiri ndani ya kodi kueleza hiyo %s ni kitu gani. Wengi wanapokea vizuri, hawakuwa na habari tu.

Kisha kubalianeni maneno kwanza kabla ya kuanza. Kila lugha ina kamusi yake ya pamoja mule ndani. Mmoja akiandika chapisho, mwengine makala, mwengine posti, mtumiaji atadhani ni vitu vitatu. Bishaneni siku moja, mkimaliza mmemaliza, wote mfuate.

fundi_ziwani (Mwanza)

Ahsanteni sana, sana. Ukhti hilo la "Umefuta" nimelituma kwenye grupu sasa hivi. Swali lingine basi, tumefikiria kusajili domeni yetu iwe na jina la WordPress na Mwanza kwa pamoja, tuweke huko mwongozo na matangazo ya mikutano. Na je kuna msaada wowote wa ukumbi, au kila kitu tunachanga wenyewe? Kuna jamaa wa kampuni fulani ya hostingi yuko tayari kulipia ukumbi lakini anataka yeye ndiye aongee kila mwezi.

mzee_wa_seva (Arusha)

Kijana simama hapo hapo kwenye domeni. Jina WordPress ni alama ya biashara, inasimamiwa na WordPress Foundation, na sheria yao iko wazi kwamba neno hilo zima halikai ndani ya jina la domeni ya mtu mwingine. "WP" inaruhusiwa. Chagueni jina lenye wp na mji wenu, hakuna atakayewasumbua. Kusajili kwingine ni kupoteza hela na kuja kuambiwa mshushe baada ya watu kuizoea.

La pili, ombeni mkutano wenu utambuliwe rasmi kwenye mpango wa jamii ya WordPress. Mkikubaliwa ada ya Meetup.com, tovuti ya kutangazia mikutano, inalipwa na wao. Masharti yao ni ya haki kabisa, mkutano uwe kwa faida ya jamii na siyo ya biashara ya mtu, yeyote aruhusiwe kuja, waandaaji na wazungumzaji wajitolee bila malipo. Kwa hiyo huyo jamaa wa hostingi mshukuruni kwa ukumbi, mtajeni mwanzoni na mwisho, lakini jukwaa siyo lake kila mwezi. Kikao kikigeuka cha kuuza vifurushi watu wanaacha kuja kimya kimya, nimeona hili kwa macho yangu.

Nairobi, Kampala, Entebbe na Dar wamewahi kufanya WordCamp, kongamano la watu wa WordPress, watafuteni walioandaa, wanajibu. Hotuba nyingi za WordCamp ziko WordPress.tv, zinapakulika, na mnaweza kuzitafsiria maandishi ya chini kwa Kiswahili. Hiyo wape wale wenu wa video, kipaji chao kitumike.

Na kwenye mikutano kwa asiyekuwa na hosti bado mfungulieni WordPress Playground, inaendeshwa ndani ya brauza yenyewe, hakuna kusajili wala seva. Ila inapakua data nyingi kidogo mara ya kwanza kwa hiyo hakikisheni ukumbi una Wi-Fi, msimmalizie mtu bando lake.

shiro_wa_wavuti (Nairobi)

Mzee amesema yote. Mimi niko tayari kuandika hiyo ya M-Pesa ya Kenya, nyinyi mtafute mtu wa upande wa Tanzania maana Vodacom wana utaratibu wao tofauti na hatua zangu hazitaingia. Niambieni tu mko kwa GitHub ama tunaandikia kwa Google Docs.

fundi_ziwani (Mwanza)

GitHub dada, nafungua leo usiku, leseni tutaweka CC0 kama ya wenyewe. Kijana wetu mmoja ameunganisha duka la vipuri na M-Pesa ya Vodacom mwezi uliopita na screenshot zote anazo, huyo atakaa na wewe. Mimi nachukua ule ukurasa wa tovuti nyeupe baada ya apdeti. Ukhti ukipata nafasi naomba uje utupitishie maneno kabla hatujaenda mbali.

ukhti_wa_darajani (Unguja)

Inshallah. Nitumie linki, na kurasa mbili tatu za mwanzo msizipambe, nileteeni zikiwa mbichi.