Mjadala: Saratani ya mapafu Nyanda za Juu Kusini ni haba kweli, au hatuihesabu?

Mizani ya Uyole (mleta mada)

Wakuu, shikamooni kwa wakubwa, wengine mambo.

Kila ramani ya dunia ya vifo vya saratani ya mapafu inatupaka rangi hafifu. Mwaka 2022 dunia ilikadiriwa kupata wagonjwa wapya milioni 2.48 na vifo milioni 1.82, na hakuna saratani nyingine iliyoua watu wengi kiasi hicho. Hungaria iko juu kabisa, Afrika Mashariki iko mkiani. Kwa ramani hiyo wapo wanaosema mkoa wenye shilingi moja ya saratani uipeleke yote kwenye mlango wa kizazi, mapafu yasubiri.

Mimi nasema rangi ile ina vitu vitatu ndani yake: vijana ni wengi, tumbaku ni kidogo, na daftari la kusajili wagonjwa na vifo lina mapengo. Tuanze na vijana, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza. Chukua wilaya mbili za kubuni, kila moja ina watu 100,000. Ya kwanza ina wazee wa miaka 60 na kuendelea 4,000, ya pili inao 20,000. Kote wazee hao wanakufa kwa saratani ya mapafu kwa kiwango kilekile, 50 kwa kila 100,000. Wilaya ya kwanza itazika 2 kwa mwaka, ya pili 10. Ukitazama kiwango ghafi utadhani ya pili ina sumu hewani, kumbe ina wazee tu. Kwa hiyo anayeleta takwimu humu aseme kwanza kama zimesawazishwa kwa umri au la.

Swali langu: shilingi ya mapafu, ikipatikana, iende kwenye mashine ya CT (inayopiga picha za ndani ya kifua), kwenye moshi wa jikoni, kwenye sigara, au kwenye daftari?

Kijana wa Lupa

Sigara. Chunya tunalima tumbaku, mabani ya kukaushia yamejaa, halafu mnauliza? Kentucky wanalima tumbaku na ndio wanaoongoza Marekani kwa vifo vya saratani ya mapafu.

Mizani ya Uyole

Kentucky wanaongoza kwa sababu wamevuta, kwa vizazi. Jani la Chunya, Urambo na Namtumbo sehemu kubwa linapanda meli. Mkulima anayechuma majani mabichi yenye umande hupata kichefuchefu na kizunguzungu, kwa sababu nikotini inapenya ngozi. Hilo ni tatizo lake la siku hiyo, si saratani ya mapafu. Na wazee wetu wengi wanatumia ugoro, ambao hesabu yake iko mdomoni kuliko kifuani.

Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta watu wazima wanaotumia tumbaku Tanzania ni asilimia 8.7, wanaume 14.6, wanawake 3.2. Ni kidogo, nakubali. Ila vifo vya leo havitokani na uvutaji wa leo. Marekani uvutaji ulifika kilele mwanzoni mwa miaka ya 1960, ripoti kubwa ya serikali yao ikatoka 1964, na vifo vya wanaume vikaja kufika kilele karibu 1990. Wanawake walianza kuvuta kwa wingi baadaye, nao vifo vyao vikachelewa kushuka. Ramani ya vifo ni ramani ya sigara ya miaka 25 au 30 iliyopita. Anayeanza kuvuta leo stendi ya Nane Nane tutamhesabu karibu na 2050.

Baridi ya Kitulo

Mnasahau mwinuko. Kuna utafiti wa kaunti za magharibi mwa Marekani, ulitoka 2015, ulionyesha kadiri unavyopanda juu ndivyo saratani ya mapafu inavyopungua. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, Makete ni juu zaidi. Huenda sisi ni haba kweli kwa asili ya mahali.

Fundi Dohani

Kaka Baridi, jibu lako liko Xuanwei, mkoa wa Yunnan, China. Ni karibu mita 2,000, juu kuliko Mbeya mjini, na ni kati ya sehemu zenye vifo vingi vya saratani ya mapafu nchini humo, hasa kwa wanawake ambao hawajawahi kushika sigara. Mwinuko haukuwasaidia. Walikuwa wanapikia na kuotea makaa ya mawe yenye moshi, kwenye shimo la moto katikati ya nyumba, bila dohani (bomba la kutolea moshi). Ule wa Marekani ulilinganisha kaunti na kaunti, haukumpima mtu mmojammoja. Walijitahidi kuondoa athari ya sigara kwenye hesabu, lakini kaunti haivuti, mtu ndiye anayevuta.

Xuanwei imenikaa kichwani kwa sababu nyingine pia. Watu zaidi ya 21,000 walifuatiliwa, na waliohamia majiko yenye dohani walipata saratani ya mapafu pungufu kwa takriban asilimia 40 kwa wanaume na 45 kwa wanawake. Faida ilionekana waziwazi baada ya kama miaka 10. Bomba la bati limefanya kazi hiyo!

Sasa tulinganishe na jiko la Makete au Mufindi mwezi wa saba, mlango umefungwa, kuni ni mabanzi ya paini au miwati mibichi. Moshi wa kuni ndani ya nyumba umewekwa na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani kwenye kundi la "huenda unasababisha". Moshi wa makaa ya mawe ndani ya nyumba uko kundi la kwanza, la "unasababisha", meza moja na sigara. Msichanganye hayo na jiko la mkaa linaloua familia usiku mmoja: ile ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu. Ukifungua dirisha usiku huo umepunguza gesi tu, na hujamaliza habari ya miaka 20 ya masizi.

Mhakiki Njombe

Fundi, basi useme na lile linalokwepwa. Mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe. Vizuri sana. Lakini huku kwetu Kiwira na Ngaka kuna makaa ya mawe, na kuna watu wanayapigia debe kama mbadala wa mkaa wa miti. Tunatoka kundi la "huenda" tunaingia kundi la "unasababisha", halafu tunaita safi?

Fundi Dohani

Hapo dada umegusa penyewe. Nigawe mafungu mawili. Makaa ya mawe ghafi jikoni: hapana, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2014 unasema hivyohivyo, yasiyosindikwa yasitumike nyumbani. Yaliyosindikwa na kuchomwa kwanza ili moshi utoke kiwandani ni jambo jingine. Hata Xuanwei waliotumia makaa yasiyo na moshi mwingi hawakufa kwa kiwango cha wenzao. Ila mnunuzi sokoni Sido hawezi kutofautisha kwa macho. Kipimo rahisi: washa bonge moja nje. Likitoa moshi wa njano mzito na harufu ya lami kwa zaidi ya dakika chache, halijasindikwa vya kutosha, lisiingie ndani.

Na dohani iwe dohani. Nyingi ninazoziona zimejengwa kama pambo. Bomba la jiko la familia liwe la kipenyo cha sentimita 10 hadi 12. Lipande wima, kiwiko kimoja kinavumilika, viwili vinaua mvuto, na kipande kinacholala mlalo ndicho masizi hujazana kwanza. Juu lipite mgongo wa paa kwa nusu mita, la sivyo upepo unaogonga paa unaurudisha moshi chini. Likipita kwenye mbao au nyasi, acha nafasi pana pande zote uzibe kwa tofali na udongo, usije ukachoma nyumba kwa kukwepa saratani. Mdomo wa jiko ukiwa mpana kuliko sufuria, moshi unatokea mbele, mama anasema "dohani haifai" na analiziba kwa tambara. Usafishe kila mwezi, na kwa paini kila wiki mbili kwa sababu ya utomvu. Kuni zikae chini ya upenu kiangazi kizima.

Kifua Safi (Iringa)

Kamwene wakuu. Mnabishana kuhusu chanzo, mimi naongelea mahali wagonjwa wanapopotelea: kliniki ya TB.

Njia ni hii. Mtu anakohoa zaidi ya wiki mbili. Makohozi yanaenda kwenye GeneXpert (mashine ya kupima TB), yanarudi hayana TB. Eksirei inaonyesha kivuli. Daktari, kwa haki kabisa, anaamua ni TB isiyoonekana kwenye makohozi, kwa sababu mikoa yetu ina VVU kuliko yote: kwa utafiti wa 2022 hadi 2023, Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Mgonjwa anaanza dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Wiki za kwanza anajisikia nafuu kidogo, maana maambukizi yaliyokuwa nyuma ya uvimbe yametulia. Mwezi wa sita anamaliza dozi, amekonda, na uvimbe umekua miezi sita.

Kosa halipo mwanzoni, lipo wiki ya 8, wakati eksirei ya pili haipigwi. Kivuli cha TB kinachotibiwa kinapaswa kuanza kupungua. Kisipopungua, na mtu ana miaka zaidi ya 40, makohozi hayakuwahi kuonyesha TB, amevuta au amefanya kazi kwenye karasha la dhahabu (mashine ya kusaga mawe), hapo ndipo CT inapotakiwa. Kabla ya CT mguse: tezi juu ya mtulinga, sauti iliyokwaruza wiki kadhaa, uso na shingo kuvimba, ncha za vidole kunenepa kama rungu. Tezi ya mtulinga ni zawadi, kwa sababu unaitoboa kwa sindano nyembamba palepale bila kamera ya mapafu.

Na msisahau kwamba mwenye VVU anayetumia ARV sasa anafika miaka 60. Hatari yake ya saratani ya mapafu ni kubwa kuliko ya mwenzake asiye na VVU hata ukiitoa sigara. TB ya zamani nayo inaongeza. Tumewavusha watu, wanafika kwenye umri wa ugonjwa huu.

Kijana wa Lupa

Umetaja karasha. Nakubali nimekosea kwenye jani, lakini vumbi la mawe Makongolosi je?

Kifua Safi (Iringa)

Vumbi hilo lina silika, nayo iko kundi la kwanza, la "unasababisha", tangu miaka ya 1990. Mwamba wenye dhahabu una kwatzi nyingi, na ukiusaga mkavu unapumua chembe ndogo mno zisizoonekana kwa jicho. Kitambaa mdomoni kinazuia zile kubwa tu, ambazo pua ingezizuia yenyewe. Maji yanyunyiziwe kwenye mdomo wa karasha jiwe linapovunjika. Ukimwagia unga uliokwisha toka umechelewa. Barakoa iwe ya daraja la N95, na ndevu zinyolewe, vinginevyo hewa inapita pembeni.

Baridi ya Kitulo

Sawa, mwinuko nimeuweka chini. Lakini basi kwa nini tusinunue CT tupime wavutaji wote? Marekani utafiti wa 2011 ulionyesha CT ya mionzi kidogo inapunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20.

Mhakiki Njombe

Kwa sababu utafiti huohuo ulikuta kwamba kati ya picha zilizosema "kuna kitu", zaidi ya asilimia 95 hazikuwa saratani. Na ile ni nchi isiyo na TB nyingi. Ukipima Njombe utakuta makovu ya TB kila pafu la pili, na kila kovu linataka picha nyingine baada ya miezi mitatu. Nani atamlipia nauli mtu wa Ludewa arudi? CT iliyopo ibaki kwa wenye dalili, wale wa wiki ya 8 wa Kifua Safi.

Shilingi yangu naiweka kwenye karatasi ya kifo. Mgonjwa amefariki, anaandikwa "moyo kusimama". Kila anayekufa moyo wake unasimama. Au inaandikwa "saratani ya ini" wakati ilianzia kwenye pafu ikahamia ini. Fomu ina mistari: wa juu ni kilichomuua mwishoni, wa chini kabisa ni chanzo. Takwimu zinachukua wa chini. Ukiuacha wazi, marehemu haonekani kwenye ramani yoyote. Anayefia nyumbani Mbarali ndiyo kabisa. Na kwa kuwa nchi isiyo na rekodi kamili za vifo hukadiriwa kwa kutumia wagonjwa waliosajiliwa, asiyesajiliwa akiwa hai anapotea mara mbili.

Mizani ya Uyole

Dada Mhakiki, daftari ni hoja yangu pia, lakini huwezi kuandika C34 (namba ya saratani ya mapafu kwenye rekodi) bila kinyama, yaani kipande cha uvimbe kilichopimwa maabara. Fundi na bomba lake wana dunia yao, sisi tunakwama kwenye chupa. Sampuli inasafiri kwenye basi ndani ya dripu au spiriti, inafika imeoza au imekakamaa, jibu linarudi "haisomeki".

Kifua Safi (Iringa)

Na chupa hiyo ni ileile ya mlango wa kizazi, kwa hiyo ule ugomvi wa shilingi moja hapa haupo. Formalini ya asilimia 10: mililita 100 za formalini kali, 900 za maji, gramu 4 za sodiamu dihaidrojeni fosfeti na 6.5 za disodiamu fosfeti. Ujazo uwe mara 10 ya kinyama. Chupa ya mdomo mpana, kwa sababu kinyama kikishagandishwa ni kigumu na hakitoki kwenye shingo nyembamba. Jina liandikwe kwa penseli kwenye lebo iliyobandikwa mwilini mwa chupa, si kwenye kifuniko; vifuniko hubadilishana mezani. Maji ya kifuani yaende mililita 50 au zaidi, bila formalini, siku hiyohiyo kwenye barafu.

Mhakiki Njombe

Barafu kutoka Makete hadi Mbeya inayeyuka kabla ya Isyonje. Kwa maji ya kifuani changanya nusu kwa nusu na alkoholi ya asilimia 50, yatavumilia safari.