Naomba ushauri: nitumie swichi gani kuchagua maingizo kwenye priampu ninayoijenga mwenyewe?

Kijana wa Waya
Habari zenu wakuu. Najenga priampu ya stereo nyumbani, yaani kile kiboksi cha kuchagua chanzo na volyumu kinachokaa kabla ya ampli, ina maingizo manne, CD, simu, TV na moja la akiba. Upande wa opampu (chipu ya kukuza sauti) na volyumu niko sawa, nilipokwama ni hapo kwenye kuchagua ingizo. Nimesoma mpaka kichwa kinauma, huyu anasema swichi ya kuzungusha ndiyo baba lao, yule anasema rilei (swichi inayovutwa na sumaku ya umeme), mwingine anasema aisii ndogo tu, yaani chipu, inamaliza kazi. Nataka sauti safi, isikwaruze, na muziki wa ingizo moja usisikike kwenye jingine. Rimoti ni lazima, hilo halina mjadala. Kuna mtu anakisubiri hiki kitu na sitaki aibu. Mngekuwa nyie mngeweka nini?

Mzee wa Valvu
Kijana, weka swichi ya kuzungusha ulale usingizi. Haihitaji umeme, haina programu, haipigi kelele. Ila angalia unachonunua, chukua ile inayoachia kabla ya kushika, maana ile inayoshika kabla ya kuachia kazi yake ni volyumu ya ngazi, ukiiweka kwenye maingizo kila ukizungusha inaunganisha CD na TV kwa kitambo na mashine mbili zinasukumana. Mimi nina redio ya zamani ambayo miguso ya swichi ilikuwa imegeuka myeusi kabisa, fedha ikikaa kwenye hewa yenye salfa inakuwa hivyo, na nilichofanya ni kuzungusha huku na huku mara nyingi, miguso ikasuguana ikajisafisha, sauti ikarudi. Hiyo redio nilipewa na kaka yangu mkubwa na stori yake ni ndefu, siku nyingine nitaileta hapa.

Bi Transista
Mzee shikamoo, lakini kasema rimoti.

Kijana, nenda na rilei. Usichukue zile za kuwashia taa za ampea 10, miguso yake ni ya fedha na inataka mkondo wa maana ili kuvunja utando unaojijenga juu yake, sasa sauti ya CD haina mkondo huo hata kidogo. Tafuta rilei ndogo za mawimbi zenye miguso ya dhahabu, mfano Omron G6K au Panasonic TQ2, kila moja ina njia mbili kwa hiyo rilei moja inabeba kushoto na kulia ya ingizo moja. Zikae nyuma kabisa, mgongoni mwa soketi za RCA (zile za kuchomekea waya za sauti), waya wa sauti usitembee mpaka mbele ya boksi na kurudi. Koili ya rilei usiisukume moja kwa moja na pini ya maikrokontrola (chipu inayosoma rimoti), pitisha kwenye ULN2003, chipu ya kusukumia koili, ambayo ina dayodi za kinga ndani tayari. Na ukizima boksi rilei zote zinaachia, CD inabaki imekatika kabisa, hiyo raha huipati kwenye aisii.

Ila kabla hujanunua chochote, sapulai yako ni volti ngapi na umefika wapi? Umeandika kama mtu ambaye bado hajaanza, halafu una wasiwasi kama wa mtu aliyemaliza.

Kijana wa Waya
Asante dada. Sapulai ya opampu ni ±15, yaani volti +15 na −15. Nimefika pazuri tu. Ila rilei zile zinalia tik tik na pia nafasi ndani ya boksi ni ndogo. Hivi aisii kama CD4052 (chipu ya swichi yenye milango minne, jina tu, haihusiani na CD ya muziki) ina ubaya gani hasa? Datashiti inasema inavumilia mpaka volti 20.

Kamba Mbili
Anaisifia 4052 kama mtu anayemsifia mchumba ambaye ameshamtolea posa 😂 mkuu umeshainunua wewe

Fundi Mtulivu
Mimi nakubaliana na Kamba. Watu wengi wanakuja kuomba ushauri wakati roho imeshaamua, wanatafuta wa kuwapigia makofi. Sikulaumu, ila ukituficha tutakupa dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine. Una nini mezani sasa hivi?

Kijana wa Waya
Sawa. Bodi nimeshaitengeneza, CD4052 imeshasoldiwa na boksi limeshatobolewa. Rimoti inafanya kazi vizuri sana. Aisii inapata volti 5, zilezile za maikrokontrola. Simu inapiga safi, TV safi, ila CD muziki ukipanda juu inakwaruza. Na kuna kitu kingine cha ajabu, nikichagua simu huku CD inaendelea kuzunguka, zile sehemu za CD zenye kelele nazisikia kwa mbali zinakohoa ndani ya wimbo wa simu. Ila naamini aisii haina shida, nadhani ni CD yenyewe au waya. Sitaki kuanza upya, ni zawadi ya baba mkwe wangu, mgongo unamsumbua hawezi kuinuka kila saa kubadilisha, ndiyo maana nimesema rimoti lazima.

Mzee wa Valvu
Ah, ungesema mapema kwamba ni mgongo. Basi swichi yangu naiondoa. Mpe pole mzee.

Kamba Mbili
Zawadi ya mkwe mnunulie ya dukani bana, ikiharibika analaumiwa kiwanda

Dada Santuri
Na mimi naomba kuuliza hapohapo, lile ingizo la akiba naweza kuchomeka santuri? Yangu nikiiweka kwenye ampli inasikika kwa mbali na nyembamba, besi hakuna.

Bi Transista
Dada Santuri hapana, sindano ya sumaku inayotikisika inatoa kama milivolti 5 tu na besi yake imepunguzwa kwenye santuri yenyewe makusudi, lazima ipite kwanza kwenye saketi yake ya kuikuza na kuisawazisha ndipo ije kwenye swichi. Fungua uzi wako tuongee vizuri.

Kijana, jibu unalo mwenyewe kwenye maelezo yako. CD nyingi zikifika mwisho wa kipimo zinatoa volti 2 kwa kipimo cha rms, ambacho ni aina ya wastani wa wimbi, siyo kilele. Zidisha kwa 1.414 unapata kilele cha volti 2.83 juu na 2.83 chini, jumla 5.66 kutoka shimo mpaka kilele. Aisii yako ina 5 tu. Simu inatoa kidogo ndiyo maana inapita. Hizo volti 20 za datashiti ni mwisho wa sapulai unayoweza kuipa, yenyewe haibebi zaidi ya ulichoipa.

Mpimaji
Samahanini, naona mnajibu hadithi ya kutunga. Aisii yenye 0 na 5 haiwezi kupitisha nusu ya chini ya wimbi, chini ya sifuri tu kidogo dayodi zake za kinga zinaanza kupitisha na wimbi linakatwa. Kwa hiyo simu nayo ingekwaruza vibaya, isingekuwa "safi". Huyu hajajenga kitu. Ama ni kazi ya darasani anataka tumfanyie, ama wiki ijayo analeta tangazo la bodi za rilei. Mkwe, mgongo, zawadi, yote yamekaa vizuri mno.

Kamba Mbili
Duh. Hapo kweli pana neno. Kijana jitokeze

Fundi Mtulivu
Mpimaji fizikia yako iko sawa ila tumpe nafasi. Kijana, kati ya soketi ya RCA na pini ya aisii kuna nini?

Kijana wa Waya
Mpimaji umeniumiza kweli, sina cha kuuza, nimekaa na hii bodi mpaka usiku wa manane. Kila ingizo lina kapasita ya maikrofaradi 1, halafu rizista ya kilo-omu 100 inakwenda kwenye nukta ya volti 2.5 niliyoitengeneza kwa rizista mbili kutoka kwenye ile 5. Yaani wimbi linapanda na kushuka katikati ya 2.5. Nilifikiri hilo ni la kawaida ndiyo maana sikuliandika. Pini ya 7 na ya 8 za aisii zote zimekwenda grandi (volti sifuri). Na nikibonyeza rimoti kuna kimluzi chembamba, hilo pia sikulisema.

Mpimaji
Kama una 2.5 katikati basi hadithi inakaa sawa. CD inavuka ukingo kwa theluthi moja ya volti tu na ni kwenye vilele peke yake, ndiyo maana unasikia muziki ukipanda. Nafuta nilichosema kuhusu darasa. Pole mkuu.

Bi Transista
Na kule kukohoa pia kumepata maelezo. Wimbi likivuka sapulai, hata kwenye mlango uliofungwa, mkondo unaingia kwenye mwili wa aisii na unavuruga mlango ulio wazi. Kimluzi ni uchafu wa maikrokontrola, unapanda ile 5, unapita kwenye nukta yako ya 2.5 na kuingia moja kwa moja kwenye sauti.

Sasa sikiliza, huhitaji kuanza upya. Pini ya 7 ya 4052 ndiyo VEE, pini ya sapulai hasi, imewekwa pale makusudi kwa shida kama yako. Ikate kutoka kwenye grandi uipe −5. Pini ya 8 ibaki grandi, ya 16 ibaki +5, rimoti na programu usiziguse. Aisii sasa inabeba kuanzia −5 mpaka +5, CD inakaa ndani kwa nafasi kubwa, na ile nukta ya 2.5 unaing'oa, rizista zako za kilo-omu 100 unazihamishia grandi. Hakikisha tu chipu ni CD4052B kweli na siyo HC4052, maana ya HC mwisho wake ni kama volti 10 kati ya pini 16 na 7, ungekuwa ukingoni kabisa.

Fundi Mtulivu
−5 aitoe kwenye ile −15 kwa 7905, chipu ya kutoa −5 thabiti. Na hapa watu wengi huunguza, mpangilio wa miguu ya 7905 si wa 7805, ndugu yake wa +5! Ukiitazama usoni mguu wa kwanza ni grandi, wa kati ndiyo ingizo, wa tatu ndiyo toleo, na lile bati la mgongoni limeungana na mguu wa kati, kwa hiyo lina −15, lisiguse boksi. Pima −5 kwanza bila aisii kuungwa, ndipo uunge.

Baada ya aisii kuna nini, volyumu moja kwa moja?

Kijana wa Waya
Ndiyo, potenshometa ya kilo-omu 10. Hilo nalo ni kosa?

Bi Transista
Ndipo upotoshaji uliobaki utakapotoka. Mlango wa 4052 siyo waya, una ukinzani wake, kwa volti 5 kama omu 470, kwa volti 10 kama 180, na unabadilika kidogo wimbi linapopanda na kushuka. Ukiubebesha kilo-omu 10 yale mabadiliko yanaonekana kwenye sauti. Weka nusu ya TL072 (chipu yenye opampu mbili) katikati kwa kila upande kama bafa, yaani opampu inayopokea sauti bila kuvuta mkondo, na rizista ya kilo-omu 470 kwenda grandi kwenye mguu wake wa kuingilia, aisii haitaona mzigo wowote wa maana. Kwa ±15 uliyonayo ni kazi ya jioni moja. Mimi bado ningeweka rilei, nakwambia ukweli, ila kwa ulipofika hii itampendeza mzee na wewe hutatoboa boksi upya.

Mzee wa Valvu
Naunga mkono. Na baada ya kila badiliko upime DC (volti isiyo ya sauti) kwenye toleo kabla hujachomeka ampli.

Kijana wa Waya
Nimerudi. Njia ya pini ya 7 nimeikata kwa wembe, 7905 nimeitenga na boksi kwa kipande cha mika, inasoma −5.02. CD haikwaruzi tena, nimeweka wimbo wenye ngoma nzito nikasogeza sikio kwenye spika, safi. Kukohoa kumekwisha, kimluzi kimekwisha. Bafa nimeweka. Limebaki moja, nikihama kutoka CD kwenda lile ingizo la akiba ambalo halina kitu nasikia "tap" na muziki wa CD unabaki kwa mbali sana kama uko chumba cha pili. Kwenye simu haubaki.

Mpimaji
Ule muziki ni kwa sababu ingizo tupu halina mtu wa kulishika. Simu ikiwepo omu zake chache zinaumeza uvujaji wote, soketi ikiwa tupu kinachobaki ni zile kilo-omu zako 100 na uvujaji mdogo tu unaonekana. Chomeka plagi ya RCA ambayo umeiunga katikati na ganda, utaona umepotea. Na upande wa soketi, kabla ya kapasita, weka rizista ya mega-omu 1 kwenda grandi kila ingizo, upande ule sasa hivi unaelea na ndio unaoleta tap hasa ukichomeka kitu.

Dada Santuri
Uzi wangu nimeshaufungua, Bi Transista njoo.