Madereva wa malori mliohama Uingereza kwenda Kanada, Australia na kwingineko: tupeane uzoefu

Wadau, habari za wakati huu.

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu meseji zimezidi. Kila mara kuna ndugu yetu wa Leicester, Reading au Birmingham ananiuliza njia ya kuja Kanada kuendesha lori, na wengine wanauliza wakati pesa ya wakala imeshatoka mfukoni. Hilo linaniuma sana. Naomba wenye uzoefu waandike hapa, waliotulia na waliorudi. Tuandike tuliyopitia wenyewe.

Naanza mimi. Nilikuwa Milton Keynes, dereva wa Class 1, yaani lori kubwa lenye tela, napeleka mizigo ya supamaketi usiku. Sasa niko Saskatchewan na nimepata ukaazi.

Kitu cha kwanza: leseni yako ya C+E, ile ya Uingereza ya lori lenye tela, ukifika huku haikupi lori. Ya gari dogo wanakubadilishia, ya lori jiandae kupimwa upya. Aprili 2018, karibu na Armley hapa Saskatchewan, lori liligongana na basi la timu ya hoki ya Humboldt Broncos, watu 16 wakafa. Dereva wa lori alikuwa mgeni kwenye kazi. Mwaka uliofuata Saskatchewan, Alberta na Manitoba zikaweka mafunzo ya lazima, wanayaita MELT. Ontario ilishaanza 2017. Hapa kwetu ni saa 121.5 na ada yake ni maelfu ya dola. Taratibu zinabadilika na kila jimbo lina zake, kwa hiyo soma za jimbo unalokwenda, usisome za jirani.

Mtihani wenyewe unaanza lori likiwa limesimama. Unalizunguka huku unasema kwa sauti kila unachokikagua: taa, matairi, pini ya tela, mabomba ya upepo. Kisha breki. Unazima injini, unawasha swichi bila kupiga stata, unakanyaga na kuachia, unakanyaga na kuachia, macho kwenye geji. Sindano inashuka kidogo kidogo, ikikaribia 60 za presha ya upepo (psi) king'ora kinalia na taa inawaka. Unaendelea kukanyaga mpaka vitufe vya breki za kuegeshea viruke vyenyewe. Msimamizi haongei, anaandika tu. Dereva wa miaka mingi kutoka Uingereza anaweza kufeli hapo kabla hajasogea hata mita moja, kwa sababu hakuuzoea utaratibu wa kutamka.

Na gia. Kule tumelelewa na Scania, DAF na Volvo za otomatiki. Huku malori mapya mengi ni otomatiki pia, lakini Kenworth na Peterbilt zenye gia 13 au 18 za mkono zisizo na sinkro, yaani hakuna kinacholainisha gia kuingia, bado zipo kibao, klachi unakanyaga mara mbili. Ontario ukifanya mtihani na otomatiki, leseni inabanwa kwa otomatiki. Jifunze za mkono.

Karibuni.

Mdau wa Winnipeg

Asante sana kaka kwa uzi huu. Mimi ni mtu wa Mombasa, nilikuwa Felixstowe kwenye makontena, nikaja huku na pasipoti ya Kenya. Wacha niongee kuhusu kibali, maana huko ndiko watu wanakoumizwa.

Wengi tunaingia kwa kibali cha kazi kilichofungwa kwa mwajiri mmoja. Mwajiri anaomba LMIA kwa serikali kuthibitisha kwamba hakupata dereva wa hapa. Ada ya hiyo LMIA ni dola 1,000 na sheria inamkataza kukudai wewe hata senti ya hiyo ada. Mwajiri wangu wa kwanza alinidai, tena mara nyingi zaidi ya hiyo, akaiita gharama ya kunitayarisha. Nilipofika akaniambia nifungue kampuni yangu anilipe kama mkandarasi. Hapo ndipo akili ilinijia kwamba nimeshikwa. Ukikubali hivyo huna likizo ya malipo, huna bima ya kuumia kazini, na kwa mtu wa kibali kilichofungwa unakuwa unavunja masharti ya kibali chenyewe. Tena muda wa kujiajiri hauhesabiwi kwenye ile njia ya ukaazi ya watu wenye uzoefu wa kazi wa Kanada. Unaendesha mchana na usiku, na kwenye faili lako ni kama hukufanya kazi.

Nilichofanya: niliweka meseji zote, stakabadhi za malipo, rekodi za saa, nikaomba kibali cha wazi kinachotolewa kwa wafanyakazi walio hatarini kunyanyaswa. Kipo tangu 2019. Nilipewa. Sasa niko kwa mwajiri mwingine, mtu muungwana. Nawaambia ndugu zangu hiki kibali kipo kwa sababu wengi wanavumilia wakidhani wakilalamika watarudishwa nyumbani.

Mdau aliye bado Coventry

Shikamooni wakubwa. Je, malipo? Huku nalipwa kwa saa na naambiwa huko ni kwa maili.

Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu. Ni kweli, masafa marefu wengi tunalipwa kwa maili. Theluji ikifunga Highway 17 kaskazini mwa Ziwa Superior, maili hazitembei. Ukisubiri kupakia saa sita kwenye ghala, maili hazitembei. Kwa hiyo kabla ya kusaini uliza kwa maandishi: kusubiri kunalipwa kuanzia saa ya ngapi? Kufunga minyororo ya theluji kwenye matairi kunalipwa? Kukwama kwa hali ya hewa? Nikiletewa mkataba ambao hauna majibu hayo siusaini, hata senti kwa maili ziwe nyingi kiasi gani.

Saa nazo ni nyingine. Uingereza umezoea saa 9 za kuendesha kwa siku, 10 mara mbili kwa wiki, na dakika 45 za kupumzika baada ya saa nne na nusu. Huku ruhusa ni saa 13 za kuendesha kwa siku na 70 za kazi ndani ya siku 7. Kifaa cha kielektroniki kinarekodi kila kitu na tangu Januari 2023 ukikutwa huna ni faini. Saa 13 ni ruhusa, si agizo. Ukichoka paki, na bosi anayekulazimisha muandikie ujumbe ubaki kwenye rekodi.

Mdau wa Calgary

Naongeza la minyororo kwa sababu Uingereza hakuna mtu aliyetufundisha. British Columbia kuanzia Oktoba 1 mpaka Aprili 30 lori zito linatakiwa kubeba minyororo kwenye njia za milimani, na ile taa ya njano ikiwaka unaifunga kabla ya kupanda. Njia ya Coquihalla, kati ya Hope na Merritt, usiku, upepo unakupiga ubavuni. Unaitandaza juu ya tairi, unahakikisha viungo havijajisokota, unasogeza lori kidogo, unashuka, unaingia chini kukamata ndoano ya ndani usiyoiona, unaitafuta kwa vidole. Glovu nene hazishiki ndoano, na ukizivua vidole vinakufa ganzi. Mimi natumia glovu za mpira nyembamba ndani na za ngozi juu. Halafu unakwenda kidogo, unasimama, unazikaza tena, maana lazima zitalegea. Zoeeni uani kwa mwajiri mchana kweupe, jua likiwaka.

Na dizeli: ikifika nyuzi 30 chini ya sifuri usizime injini ukalala ukiwa hujachomeka hita ya injini. Dizeli inaganda kama samli, filta inaziba, na kabini inapoa haraka kuliko unavyofikiri. Jaketi, blanketi, chakula na maji viwe kabini kila safari.

Dada wa Saskatoon

Jamani naomba na sisi wake tusikike. Mume wangu ndiye dereva. Tulitoka Luton na watoto wawili. Mnazungumza barabara, lakini anayebaki ni nani? Akienda Vancouver au Montreal mimi nafukua theluji mlangoni, nawapeleka watoto shule, nafanya kazi yangu. Kule kaka yangu alikuwa dakika ishirini, mashangazi wanakuja na sufuria za pilau. Huku mwaka wa kwanza sikuwa na wa kumwachia mtoto nikiugua.

Kilichotuokoa ni kumtafuta mwajiri anayetoa ratiba inayojulikana. Mume wangu alikubali senti chache kwa maili ili arudi nyumbani kila mwisho wa wiki ya pili, na kwa kweli sijawahi kuzijutia hizo senti. Lingine: masharti ya kibali cha kazi kwa wenza yalikazwa Januari 2025, si kila kazi ya mume inampa mke haki ya kufanya kazi. Angalieni kabla ya kuacha kazi zenu Uingereza. Kaka zangu, waulizeni wake zenu kwanza, na msikilize majibu yao.

Mdau wa Australia Magharibi

Mimi ni kijana mzaliwa wa Leicester, wazazi Wazanzibari. Nina pasipoti ya Uingereza, nimekuja na viza ya likizo na kazi. Sasa Muingereza anaruhusiwa mpaka umri wa miaka 35, na tangu Julai 2024 anaweza kupata viza hizo hadi tatu bila sharti la kwenda kufanya kazi za mashambani. Lakini elewa: hii si viza ya kuhamia. Kwa kawaida huruhusiwi kuzidi miezi 6 kwa mwajiri mmoja, na udereva wa lori pekee ni njia ngumu ya kupata ukaazi.

Kazi ipo msimu wa mavuno ya ngano. Zile treni za barabarani, yaani malori yenye matela matatu, hadi mita 53.5, zinahitaji leseni ya MC, daraja la malori ya matela mengi, ambayo unaifikia kwa kupanda madaraja. Ukishika usukani, jambo la kwanza ni kusahau kukwepa. Kangaruu akiruka mbele alfajiri unashika usukani wima na kupunguza mwendo, ukikwepa tela la mwisho linalala na kukuburuta. Kwa kweli inauma moyo kila mara. Maji beba ya siku mbili hata kama unakwenda ya siku moja, simu hazishiki.

Mdau aliye bado Coventry

Na Marekani je, wakuu?

Mleta uzi

Marekani kwa sasa usiiwekee matumaini. Agosti 2025 serikali yao ilitangaza kusitisha viza za kazi kwa madereva wa malori ya biashara. Sisi wa Kanada tunavuka mpaka kupeleka na kuchukua mizigo, ila hatuna ruhusa ya kubeba mzigo kutoka mji mmoja wa Marekani kwenda mwingine. Na ukiwa na pasipoti ya Kenya au Tanzania unahitaji viza yao hata kama una kibali cha Kanada, kwa hiyo mwambie mwajiri mapema, asikupangie njia ya Chicago halafu akulaumu.

Kwako wewe wa Coventry, kabla hujaondoka chukua DVLA, ofisi ya leseni za udereva ya Uingereza, hati ya kuthibitisha madaraja yako ya leseni, na kila mwajiri uliyemfanyia kazi akuandikie barua yenye karatasi rasmi: tarehe, aina ya lori, tela, njia ulizopita, na kama ulipata ajali au hapana. Kampuni za bima huku ndizo zinazoamua kama mwajiri anaweza kukuchukua, na bila hizo barua wanakuhesabu kama aliyeanza jana. Waombe sasa wakiwa bado wanakukumbuka. Makampuni ya wakala yanafungwa, mameneja wanahama.

Wa New Zealand na Ireland, bado tunawasubiri.