Mrejesho: soya zangu za Bamburi zilizogeuka manjano

Ahsanteni nyote mlionijibu. Kwa anayefika sasa: niliuliza kwa nini soya zangu huku Bamburi, kwenye ardhi ya matumbawe, majani machanga yanakuwa manjano ilhali mishipa imebaki kijani. Wengi mlisema niweke yurea, mbolea ya nitrojeni.

Yurea sikuweka. Vinundu vya mizizi nilivyovipasua vilikuwa vyekundu ndani, kwa hiyo vilikuwa vikiunasia mmea nitrojeni ya hewani. Nikamfuata yule mzee aliyesema nipime udongo kwanza, na pH (kipimo cha uchachu) ikatoka 8.1, yaani udongo wa chokaa, si mchachu. Kwenye chokaa nyingi hivyo, virutubisho vya chuma na manganisi vinaweza kuwemo ardhini na mizizi isivipate.

Nilipulizia majani salfeti ya manganisi, gramu 5 kwa lita ya maji, jioni jua likishapoa, nikarudia kabla ya maua. Majani mapya yakatoka kijani, na maganda yamejaa vizuri. Yale ya zamani yalibaki vilevile, msiyasubiri.

Upande wa chini, pale jiwe linapochungulia, dawa hiyo haikufua dafu. Nikajaribu ushauri wa dada mmoja: chuma cha keleti (kilichofungwa kisigande udongoni) aina ya EDDHA kwenye mizizi, maana hicho hustahimili pH kubwa. Mimea ilipata nafuu kidogo, lakini bei, jamani! Kwa soya hailipi kabisa. Kipande hicho nawaachia mbuzi.

Molibdeni, kirutubisho kingine cha soya, sikununua, kwenye udongo wa namna hii mmea huipata bila shida.