Nimemaliza eda, nataka kwenda kwenye hekalu la Isis, Philae

BintiTanga

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Nimetoka edani mwezi uliopita, na mwanangu anayesoma Kairo ameniomba nikakae naye kidogo. Yeye amepanga tuzuru mji, lakini moyo wangu umeelekea Aswan, kusini mwa Misri, kwenye hekalu la Philae la Isis, mungu wa kike wa Wamisri wa kale. Tangu nikiwa shuleni sijakisahau kisa cha mwanamke yule ambaye mumewe, Osiris, aliuawa na nduguye, mwili ukakatwa vipande na kutawanywa, naye akazunguka nchi nzima akivikusanya kimoja kimoja huku akilia. Mimi ni Muislamu na siendi kuabudu. Ninachotaka ni kukaa kwa utulivu mahali ambapo watu walipeleka huzuni zao kwa karne nyingi. Je, ziara ya namna hiyo ina maana, au pamebaki kuwa mahali pa kupigia picha tu? Aliyewahi kufika tafadhali anieleze.

Msafiri wa Kusini

Waaleikum salaam, dada yangu. Pole sana kwa msiba, Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu.

Nenda miezi ya baridi, kati ya Novemba na Februari, na ufike gatini asubuhi mapema kabla ya makundi ya watalii. Tiketi hununuliwa hapo hapo, ila boti ni mapatano yako na nahodha. Mwafikiane bei ya kwenda, kukusubiri na kukurudisha kabla hujapanda, kwa sababu hekalu liko kisiwani na ukishavuka huna njia nyingine ya kutoka.

Ukiingia, usikimbilie chumba cha ndani kama wafanyavyo wengi. Pita kwanza upande wa magharibi, kwenye lango la Kaizari Hadrian, utazame ng'ambo ya maji. Kisiwa unachokiona ni Biga, ambako Wamisri waliamini kwamba Osiris amezikwa, na kila baada ya siku kumi sanamu ya Isis ilivushwa kwa mashua hadi huko ili mke ammiminie mumewe maziwa. Kwenye lango hilo ilichongwa amri iliyohusu kaburi hilo: ngoma isipigwe, zumari isipulizwe, wala mtu asipaze sauti. Niliposimama pale, jambo lililonigusa kuliko nguzo zote ni kwamba watu wale waliiona huzuni ya mjane kuwa kitu cha kulindwa kwa sheria. Kwenye lango hilo hilo kuna pia maandishi ya mwisho yajulikanayo ya hiroglifi, yaani mwandiko wa picha wa Wamisri wa kale, yaliyochongwa tarehe 24 Agosti mwaka 394.

Mfuatiliaji wa Kale

Dada, pokea pole zangu pia. Hata hivyo naona ni haki ujue kwamba hekalu hilo halipo tena mahali lilipojengwa. Bwawa la kwanza la Aswan, lililokamilika mwaka 1902, lililifanya lizame kwa sehemu kubwa ya kila mwaka, na baada ya kujengwa kwa Bwawa Kuu likafumuliwa jiwe kwa jiwe na kuhamishiwa kisiwa jirani cha Agilkia, kazi iliyofanyika kati ya mwaka 1972 na 1980 kwa msaada wa UNESCO. Kisiwa chenyewe cha Philae kiko chini ya maji. Kabla ya hapo, katika karne ya 6, Kaizari Justinian alikwisha kulifunga, nalo likageuzwa kanisa. Misalaba iliyochongwa ukutani utaiona. Kwa maoni yangu, anayetafuta utakatifu wa mahali atakuwa anautafuta pasipokuwapo.

Msafiri wa Kusini

Uliyoyasema ni kweli, ndugu, lakini sikubaliani na hitimisho lako. Mahujaji, wakiwamo watu wa Nubia waliosafiri kutoka kusini na kuendelea kuja hata baada ya dola ya Roma kupokea Ukristo, walichonga kwenye mawe ya hekalu michoro ya nyayo zao, ili sehemu yao ibaki mbele ya Isis wakati wao wenyewe wamerudi makwao. Nyayo hizo zimehama pamoja na mawe. Dada hakusema anafuata ardhi. Anawafuata watu waliolia kabla yake, na alama zao bado zipo.

BintiTanga

Nawashukuru nyote wawili, na hasa wewe uliyenieleza habari za bwawa, kwa kuwa nisingependa kuligundua hilo nikiwa tayari nimesimama pale. Nimeamua kwenda. Nimekwisha kumwambia mwanangu tutenge siku nzima, na kwamba kwenye lango la magharibi aniache peke yangu. Dua ya kumwombea marehemu nitaisoma botini, tukiwa bado katikati ya maji, kabla nahodha hajafunga kamba kisiwani.