Ushauri: Mzazi kaniuliza kwa nini sataranji ina "askofu". Nimjibu nini?

Mwalimu wa Jumatano
Habari za jioni wanajamvi. Nafundisha shule ya msingi mkoani Tanga. Tangu Januari nina kikundi cha watoto 22 wanaocheza sataranji kila Jumatano baada ya vipindi. Tuna seti tatu za msaada, moja imepotelewa na ngome nyeusi, kwa hiyo mahali pake tunaweka kizibo cha soda.

Wiki iliyopita alikuja baba wa mwanafunzi wangu mmoja. Alisalimia vizuri, akaketi, akatazama watoto wakicheza. Kisha akainua kete ya mfalme, akaweka kidole kwenye kile kimsalaba cha juu. "Mwalimu, huu msalaba ni wa nini? Na huyu mnayemwita askofu anafanya nini kwenye mchezo wa watoto wetu?" Nilikosa jibu, nikamwomba anipe wiki moja.

Mwanawe yuko darasa la tano na hakuna anayemfunga pale shuleni. Sitaki kumpoteza, na mzazi sitaki kumpa jibu la kubabaisha. Wenye kujua historia ya kete hizi nisaidieni. Na je, nibadilishe majina?

Farasi wa Mvita
Mwalimu, mwambie huyo baba kwamba askofu ni mgeni pale. Mwenye nyumba ni tembo.

Mchezo huu ulianza India, karibu karne ya 6, ukiitwa chaturanga, yaani sehemu nne za jeshi: askari wa miguu, farasi, tembo na magari ya vita. Waajemi wakauita chatrang, Waarabu shatranji, na sisi tukapokea sataranji. Ile kete Waarabu waliiita al-fil. Mtoto yeyote aliyepita madrasa anaijua Suratul Fil, basi ni tembo huyohuyo.

Waislamu wengi wa enzi hizo walichonga kete bila sura ya kiumbe. Tembo akawa kipande cha mviringo chenye vinundu viwili mbele, kuwakilisha pembe zake. Kete zilipofika Ulaya, watu wasiomjua tembo wakaviangalia vile vinundu na kila mmoja akaona chake. Waingereza waliona kofia ya askofu. Wafaransa wakamwita chale wa mfalme. Wajerumani wanamwita mkimbiaji. Wahispania mpaka leo wanasema alfil, na Warusi wanasema slon, maana yake tembo. Ukienda India kwenyewe utashangaa zaidi: kwa Kihindi tembo amehamia pembeni, kwenye nafasi ya ngome, na hapa kwa askofu amekaa ngamia!

Bint Saidi
Nyongeza kuhusu msalaba. Umbo la kete zinazotumika mashindanoni lilisajiliwa London mwaka 1849 na kuuzwa na kampuni ya Jaques kwa jina la Staunton, aliyekuwa mchezaji mashuhuri wa Uingereza. Msalaba ni urembo wa umbo hilo, haumo kwenye kanuni za kucheza. Seti nyingi za Urusi ya Kisovieti hazikuwa nao kabisa, na wale watu walitoa mabingwa wa dunia mfululizo.

Fundi Seremala
Basi kata huo msalaba kwa tupa, piga msasa, kwisha habari.

Bint Saidi
Fundi, seti si zake ni za shule. Azungumze na mzazi kwanza.

Mzee wa Ng'ambo
Mwalimu, naona kuna swali jingine nyuma ya hilo la msalaba: je, mchezo wenyewe unaruhusiwa? Usilikwepe. Wanazuoni wametofautiana tangu zamani. Wapo walioharamisha. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa pwani, kauli mashuhuri ni kwamba ni makuruhu, yaani haupendezi lakini si haramu, maadamu hakuna kamari na mtu hapitwi na swala. Hilo la swala liangalie sana. Kama Jumatano mnacheza mpaka alasiri inaingia, simamisha saa, watoto waende, warudi waendelee. Mzazi akiliona hilo kwa macho yake atatulia kuliko kwa maneno yangu na yako.

Mweleze pia kuhusu Abu Bakr as-Suli wa Baghdad, karne ya 10. Alicheza mbele ya makhalifa na akaandika vitabu vya sataranji. Aliacha fumbo moja la kete chache mno, akasema hakuna aliyeweza kulifumbua isipokuwa wale aliowafundisha mwenyewe. Lilikaa zaidi ya miaka elfu moja mpaka bingwa wa Kirusi, Averbakh, alipochapisha ufumbuzi wake miaka ya 1980. Huyo mtoto wa darasa la tano mpe habari hiyo.

Kete Nyeupe
Na malkia je? Zamani pale palikuwa na waziri, mwanamume, na alikuwa mnyonge: hatua moja tu ya mshazari. Mwishoni mwa karne ya 15, huko Hispania, kete hiyo ikiwa tayari ni malkia, ikapewa nguvu ya kwenda popote. Waarabu bado wanasema waziri. Wasichana wako watapenda kujua hili, wangu nyumbani walinifanya nirudie mara mbili.

Msafiri wa Gondar
Jirani zetu Ethiopia walikuwa na sataranji yao, senterej. Mwanzoni wachezaji wote wawili walisogeza kete kwa pamoja, kila mtu kwa kasi yake bila kungoja zamu, mpaka kete ya kwanza ilipoliwa. Hapo ndipo zamu zikaanza. Wajaribishe watoto siku moja, darasa litachangamka.

Farasi wa Mvita
Kuhusu majina, mimi nisingefuta. Wakienda mashindano watasikia askofu, lazima walijue neno. Fundisha tembo kwanza, kisha waambie Waingereza wanasema hivi, Warusi vile.

Mwalimu wa Jumatano
Mrejesho, wakuu. Jana nilimwalika yule baba. Nilichora kwenye ubao tembo mwenye pembe mbili, chini yake kofia ya askofu, nikawaacha watoto waseme wenyewe vinafanana wapi. Nikaeleza safari yote kutoka India. Nilipotaja al-fil, mwanawe akaanza kusoma sura taratibu, na wenzake wakamfuata mpaka mwisho. Baba aliniuliza kuhusu swala, nikamwonyesha ratiba mpya. Kuhusu msalaba amesema tuuache kwa sasa, atauliza kwa shehe wake naye aniletee jibu.

Alipokuwa anaondoka aliokota kile kizibo cha soda, akauliza ni kete gani. Nikamwambia ngome. Yeye ni fundi wa majahazi. Amesema Jumatano ijayo ataleta ya mti wa mvule.

Msafiri wa Gondar
Mwambie aichonge kama jahazi, mwalimu. Warusi ngome yao wanaiita ladya, na hiyo ni mashua.