Tunalipa milioni moja na laki tatu kila mwezi, Mzee ameoza mgongo, na daftari lao linasema "hali nzuri"

Wanajukwaa, salaam. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo nikipayuka mnivumilie. Kampuni inayomhudumia Mzee nyumbani sitaitaja. Mjomba kashaongea na wakili na nimeonywa, basi msije inbox kuniuliza ni ipi.

Mzee wangu ana miaka 82. Alikuwa dereva wa lori, Mombasa, Malaba, Kampala, miaka thelathini na kitu barabarani, na Kiswahili chake ndicho tulichokulia hapa Bombo, Uganda. Mwaka jana mwezi wa tisa kiharusi kikampiga. Upande wa kulia wote umelala, na maneno yakaondoka nao. Limebaki moja tu: "sawa". Njaa ni sawa, maumivu ni sawa. Ukimwuliza jina la Mama anakukodolea, machozi yanamlenga, halafu anasema sawa. Hilo neno lishikeni, nitalirudia.

Mimi nauza spea Kampala, dada yangu kaolewa Arua, na Mama ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Tukakaa kikao cha familia, tukachanga, tukachukua kampuni ya kuhudumia wagonjwa nyumbani. Shilingi 1,300,000 kwa mwezi, na mwezi mmoja wa mbele kama dhamana. Tangazo lao lilisema wana manesi waliosajiliwa, mgonjwa anageuzwa kila baada ya saa mbili, presha inapimwa kila siku, msimamizi anakuja kukagua ubora. Tuliomba kitu kimoja tu cha ziada: aje mwanamume. Mzee ni mtu wa swala tano, hajawahi kuonwa uchi na mwanamke asiye mkewe. Wakasema hilo halina shida kabisa.

Akaja msichana wa miaka ishirini na kidogo. Nikapiga simu, wakasema wanaume wameisha kwa sasa, wiki ijayo. Hiyo wiki ijayo naisubiri hadi leo.

Nataka mjue maana yake ndani ya chumba. Kila asubuhi binti akija na beseni, Mzee anakamata kikoi chake kwa ule mkono mmoja mzima na hakiachii. Mkono wa dereva wa lori, mnaujua ulivyo. Binti anavuta, Mzee anavuta, mwisho binti anamfuta uso, kifua na miguu, anaondoka. Kule chini na mgongoni hakuguswi. Mama alikuwa ananiambia kwenye simu, "Chumba kinanuka mwanangu." Nikamjibu ni mkojo huo, mwambie abadilishe pampasi mapema. Hilo jibu nitakufa nalo.

Sasa sikilizeni hiyo tathmini yao. Kila mwisho wa mwezi wananitumia fomu kwenye WhatsApp. Je, mhudumu alifika kwa wakati? Alivaa sare safi? Ana adabu? Toa nyota moja hadi tano. Na mimi, mjinga niliyekaa dukani Kampala, nikatoa tano mara mbili, maana binti kweli ana adabu na sare yake inang'aa.

Msimamizi alikuja mara moja tu katika miezi minne. Akanywa chai ya Mama, akafungua daftari akaona alama za vema zimejaa, akamwinamia Mzee: "Mzee, tunakuhudumia vizuri?" Mzee akasema nini? Sawa. Akaandika "mgonjwa ameridhika na huduma", akapiga naye picha ya ukurasa wao, akaenda zake. Shuka hakuifunua.

Ijumaa ya tarehe 24 niliamua kupanda kwa ghafla. Jamu ya Kawempe ikanipiga, na gari lenyewe likasumbua njiani, nikaingia Bombo saa saba na nusu usiku. Umeme hakuna. Binti kalala kwenye mkeka, kachoka kabisa, sikumwamsha. Nikawasha tochi ya simu nikachukua ile karatasi ya kumgeuza mgonjwa iliyobandikwa ukutani. Saa sita usiku, vema, ubavu wa kushoto. Saa nane, vema, chali. Saa kumi, vema. Saa kumi na mbili asubuhi, vema. Jamani, saa nane ilikuwa haijafika! Kalamu moja, mwandiko mmoja, karatasi imejazwa hadi alfajiri na Mzee alikuwa kalala chali vilevile.

Basi usingizi ukaruka. Nikafungua daftari. Presha 120/80. Kesho yake 120/80. Mwezi mzima 120/80, mtu aliyepigwa kiharusi kwa presha! Nikachukua kipimo nikabonyeza, kimya. Nikafungua nyuma, hakuna betri hata moja. Betri nilizipata asubuhi, zimo ndani ya rimoti ya televisheni.

Nikahesabu dawa. Vidonge vya presha tulinunua 30, vikaanza tarehe mosi, kimoja kila siku. Siku ya 24 vinatakiwa kubaki 6. Vilikuwa 17. Kwenye daftari, vema 24.

Halafu nikamgeuza mwenyewe. Kikoi nilikiachia yeye akishike, nikainua shuka kwa nyuma. Pale juu ya makalio, mfupa wa kiuno unapoishia, kuna kidonda cha ukubwa wa kiganja cha mtoto, katikati cheusi, kingo zimelowa, na kitambaa cha pampasi kimeganda humo. Kisigino cha kulia kingine kinaanza. Nilipobandua kile kitambaa Mzee alifumba macho akauma meno. Akasema sawa.

Asubuhi tulimpeleka kituo cha afya. Presha 178/102. Nesi wa pale, mama mtu mzima, alinifundisha kwa dakika kumi mambo ambayo ile kampuni haikunifundisha kwa miezi minne. Vidonda vya kulalia vingi vinazuilika. Dalili ya kwanza vitabuni ni wekundu usiopotea ukibonyeza kwa kidole, lakini kwenye ngozi nyeusi kama zetu wekundu huo unaweza usiuone kabisa. Tafuta sehemu iliyozidi weusi au iliyogeuka zambarau, ipapase kwa mgongo wa mkono: ina joto kuliko jirani yake, au imekuwa ngumu, au laini kama unga uliokandwa. Angalia visigino, nyonga, viwiko, kisogo, na pale juu ya makalio. Kila siku, anapooshwa. Akaniuliza pia, akila anakohoa? Nikasema ndiyo. Anakaa wima anapolishwa? Nikakumbuka binti anavyomlisha uji kalala kwenye mito miwili. Yule mama akatikisa kichwa. Chakula kikienda njia ya mapafu ni nimonia, na wengi wa kiharusi huondoka na hiyo. Akae wima, kijiko kidogo kidogo, na asilazwe mpaka nusu saa ipite.

Jumatatu nikawapigia kampuni. Meneja, kwa sauti ya mtu anayefungua biskuti, ananiambia: "Mgonjwa wa kiharusi lazima apate vidonda, ni kawaida." Nikamwambia nipe namba ya leseni ya huyo nesi wako. Kimya. Halafu: "Yule si nesi, ni mhudumu." Mafunzo? Wiki mbili. Tuna Baraza la Wauguzi na Wakunga, lina sheria yake tangu 1996, nesi akikosea unajua pa kumshtaki. Sasa wao wanatangaza nesi, wanaleta mhudumu, na mhudumu hayumo kwenye daftari la baraza. Umwendee nani?

Binamu yangu anafanya kazi hiyohiyo ya uhudumu Leicester. Anasema kule Uingereza kuna chombo cha serikali kinaitwa CQC, kinazikagua kampuni za huduma za nyumbani na kuuliza mambo matano: je, ni salama, huduma yake inaleta matokeo, ina utu, inasikiliza mahitaji ya mtu, inaongozwa vizuri? Kampuni inapewa daraja, kuanzia bora kabisa hadi isiyofaa, na ripoti inawekwa hadharani, hata mimi nimeisoma moja hapa Bombo kwa simu. Si peponi huko, yeye mwenyewe analalamika ziara za dakika kumi na tano, unamvisha mzee soksi na muda umeisha. Lakini angalau mkaguzi anatoka nje ya kampuni. Yetu inajikagua yenyewe, kwa mgonjwa anayejua neno moja.

NYONGEZA, saa tatu usiku:

Mnaosema yule binti ashtakiwe, mimi sitaki. Alinieleza yote huku analia. Katika 1,300,000 yetu yeye anapata 400,000. Yuko peke yake usiku na mchana siku sita kwa wiki. Pigeni hesabu: kila saa mbili ni mara kumi na mbili kwa siku, alale saa ngapi? Hiyo hesabu ilitakiwa niifanye mimi siku ya kusaini, nami ni mfanyabiashara, nahesabu kila kitu. Na tusijifanye malaika, shangazi alikuwa anamwachia na nguo za nyumba nzima afue. Karatasi alifundishwa na mwenzake wa kampuni aijaze jioni ili msimamizi asikute mapengo.

Aliyeuliza kuhusu pesa ya wazee ya serikali: ndiyo, Mzee anapata, 25,000 kwa mwezi, ya waliotimiza miaka 80. Pakiti moja ya pampasi za watu wazima dukani kwetu inazidi hapo.

Mkataba unadai notisi ya siku 30 au dhamana inaliwa. Waile tu. Kesho nampelekea meneja nakala ya daftari na picha ya kidonda, na daftari lenyewe linabaki kwangu. Leo jioni, baada ya kelele zote zile, wamenitumia tena ile fomu. Nyota ngapi.

Ninachohitaji sasa: mwenye kumjua nesi mwanamume mwenye leseni, wa kubadilisha bandeji siku moja baada ya nyingine, Bombo au Wobulenzi, aniandikie. Na godoro la upepo la kuzuia vidonda, kama kuna anayeuza lililotumika na pampu yake inafanya kazi, taja bei.